Figo Zimepona, Kichwa Je?

Julai 1996, katika mji wa Sakai nchini Japani, watoto wa shule za msingi walianza kuharisha damu siku chache baada ya kula chakula cha mchana cha shule. Mlipuko ulipotulia, waliougua walikuwa wamepita 9,000. Chanzo kilikuwa bakteria aina ya E. coli O157, na baadhi ya watoto walitoka kwenye kuhara wakaingia kwenye ugonjwa mbaya zaidi, figo kuacha kufanya kazi. Watoto watatu walifariki. Hesabu ya vifo ikabaki hapo kwa karibu miaka 20.

Machi 2016 uongozi wa mji ulitangaza kifo cha nne. Aliyefariki alikuwa mwanamke wa miaka 25. Wakati wa mlipuko alikuwa darasa la kwanza. Ugonjwa wa utotoni ulikuwa umeiharibu mishipa ya damu ya figo zake, presha ikapanda na kukataa kushuka, na Oktoba 2015 damu ikavuja ubongoni. Kati ya sahani ile ya shule na damu ile ya kichwani ilipita miaka 19.

Kisa hicho ni cha nadra, lakini kinafichua jambo ambalo wodi za watoto hulipita haraka. Mtoto akiugua figo, macho ya kila mtu huenda kwenye mkojo. Mama huulizwa kila asubuhi: amekojoa? Kiasi gani? Rangi gani? Mkojo ukirudi, uvimbe ukashuka, na kriatinini, takataka ambayo figo hupaswa kuitoa, ikateremka kwenye majibu ya maabara, watu hupumua na mtoto huruhusiwa kwenda nyumbani. Swali la kichwa huja baadaye, miezi au miaka, na anayeliuliza kwa kawaida si daktari. Ni mwalimu wa darasa la pili: “Mama, huyu mtoto mbona anasahau hivi?”

Hoja ya makala haya ni kwamba maswali hayo mawili ni ya ugonjwa mmoja. Madhara mengi ya ubongo yanayofuata maradhi makali ya figo utotoni hupitia milango inayojulikana: presha, upungufu wa damu, degedege, dawa, na siku za shule zilizopotea. Milango hiyo inaweza kulindwa. Tatizo ni kwamba mpaka sasa haina mlinzi anayejulikana.

Viungo viwili, damu moja

Figo mbili kwa pamoja ni chini ya asilimia 1 ya uzito wa mwili, lakini hupokea karibu moja ya tano ya damu yote inayosukumwa na moyo. Ubongo nao hupokea kiasi kinachokaribia hicho. Viungo hivi vina tabia inayofanana: vyote viwili vinataka damu nyingi, muda wote, kupitia mishipa midogo sana inayobeba shinikizo bila kupumzika. Kinachoumiza mishipa midogo ya figo kwa hiyo kina nafasi nzuri ya kuumiza ile ya ubongo.

Zaidi ya hapo, ubongo unaitegemea figo kwa kazi za kila siku. Figo ndiyo inayopima sodiamu, na sodiamu ikishuka kwa ghafla maji huingia kwenye seli za ubongo zikavimba. Mtoto husinzia, hutapika, hushikwa na degedege. Figo ndiyo inayotoa yurea na takataka nyingine ambazo zikijaa huuvuruga mfumo wa fahamu. Figo ndiyo inayotoa homoni inayoamuru uboho kutengeneza chembe nyekundu; homoni hiyo ikikosekana damu hupungua, na oksijeni inayofika kichwani hupungua nayo. Figo pia ndiyo mwenye sauti kubwa katika kupandisha na kushusha presha.

Mtu mzima akipata haya yote, ubongo wake ulishakwisha kujengwa. Mtoto hana bahati hiyo. Katika miaka miwili ya kwanza ubongo hukua kwa kasi ambayo hautaifikia tena; mtoto akitimiza miaka miwili, uzito wa ubongo wake umefika karibu robo tatu ya uzito wa ubongo wa mtu mzima au zaidi. Nyumba ikipigwa na mvua wakati fundi bado yuko kwenye msingi, hasara yake si ile ya mvua inayopiga bati. Ndiyo maana umri wa kuanza kuugua huwa ni swali la kwanza la wataalamu: mtoto aliyezaliwa na kasoro ya njia ya mkojo, kama wavulana wenye vizuizi kwenye mrija wa mkojo, yuko katika hatari tofauti na kijana aliyeugua akiwa na miaka 14.

Sumu isiyochagua

Ugonjwa uliowapata watoto wa Sakai madaktari huuita kwa kifupi HUS. Ulielezwa mara ya kwanza mwaka 1955 na Conrad Gasser na wenzake huko Uswisi, waliokuwa wameona watoto watano wenye mambo matatu kwa wakati mmoja: chembe nyekundu za damu zinapasuka, chembe sahani zinazogandisha damu zinapungua, na figo zinakufa. Kwa karibu miaka 30 chanzo kilibaki fumbo. Mwaka 1983 Mohamed Karmali na wenzake, wakifanya kazi Toronto, Kanada, waliunganisha ugonjwa huo na E. coli wanaotoa sumu inayofanana na ile ya bakteria wa kuhara damu, ambaye Kiyoshi Shiga alimgundua Japani mwaka 1897. Sumu hiyo ikabeba jina lake.

Sumu ya Shiga haina akili ya kuchagua figo. Inatafuta kishikio kimoja kwenye ukuta wa seli, kiitwacho Gb3, na popote inapokikuta inaingia. Figo za mtoto zinavyo vishikio hivyo kwa wingi. Ubongo nao unavyo, kwenye mishipa yake na kwenye seli zenyewe za neva. Ndiyo maana mtoto wa HUS anaweza kushikwa na degedege, kuona vitu viwili viwili, kupooza upande mmoja au kuzama katika usingizi mzito, hata pale ambapo presha na sodiamu havijaharibika sana. Hali hiyo humpata takriban mtoto mmoja kati ya watano wenye HUS, na ndiyo inayoongoza kwa kuua katika siku za mwanzo. Picha za MRI huonyesha alama kwenye vitovu vya ndani kabisa vya ubongo, vile vinavyoratibu mwendo na utulivu. Jambo la kutia moyo ni kwamba alama hizo mara nyingi hufutika, na mtoto aliyekuwa hajitambui hurudi akacheza.

Ujerumani ilijifunza jambo la ziada mwaka 2011. Mbegu za uwatu zilizooteshwa na kuliwa mbichi zilieneza aina nyingine ya bakteria, na watu zaidi ya 3,800 waliugua, wengi wao watu wazima. Zaidi ya 800 walipata HUS. Madaktari waliona dalili za ubongo zikijitokeza siku kadhaa baada ya kuhara kwisha. Ugonjwa ulikuwa na saa mbili tofauti, moja ya tumbo na nyingine ya kichwa, na anayeangalia ya tumbo peke yake alikuwa anadanganyika kwamba hatari imepita.

Je, baada ya miaka mingi? Hapa majibu yanahitaji utulivu. Uchunguzi wa Kanada uliochapishwa mwaka 1999 uliwalinganisha watoto waliopona HUS na watoto waliowahi kulazwa kwa maradhi mengine. Kwa jumla makundi hayo mawili hayakutofautiana sana katika masomo na tabia. Lakini ndani ya kundi la HUS, kadiri yurea ilivyokuwa imepanda zaidi wakati wa ugonjwa, ndivyo alama za uwezo wa lugha zilivyokuwa chini baadaye. Tafsiri yake kwa mzazi ni hii: wengi hupona kweli, na ukali wa ugonjwa ule wa siku za wodini ndio unaoonyesha nani wa kufuatiliwa kwa karibu zaidi.

Nchini Argentina, ambako nyama ya ng’ombe ni chakula cha kila nyumba na HUS huonekana kuliko karibu popote duniani, ugonjwa huu ndio chanzo kikuu cha figo za watoto kushindwa ghafla. Kwetu sura yake imekuwa nyingine. Milipuko ya kuhara damu iliyozunguka Maziwa Makuu kuanzia mwaka 1979, na ile iliyowakumba wakimbizi wa Rwanda kule Goma mwaka 1994, ilitokana na bakteria wa Shiga mwenyewe. Sumu ni ileile. Katika kambi ambako uhai wenyewe ulikuwa bahati, hapakuwa na nafasi ya kumfuata mtoto aliyenusurika mpaka darasani.

Kuishi na figo mbovu

HUS hupiga kama radi. Njia nyingine ni ya polepole: figo zinazodhoofika mwaka hadi mwaka. Hapa ushahidi umekusanywa kwa wingi. Mapitio ya tafiti 34 yaliyochapishwa mwaka 2018 yalionyesha kwamba watoto wenye ugonjwa sugu wa figo, wakichukuliwa wote kwa pamoja, wako chini ya wenzao kwa karibu pointi 10 katika kipimo cha akili kiitwacho IQ. Wastani huo unaficha mambo mawili. Kwanza, hata wale ambao figo zao zimedhoofika kidogo au kwa wastani wako chini ya watoto wa kawaida. Pili, wanaosafishwa damu ndio walio chini zaidi.

Nambari ya IQ, hata hivyo, haielezi mtoto anavyohangaika. Kinachopungua zaidi ni uangalifu, kumbukumbu ya kushikilia jambo wakati unalifanyia kazi, na uwezo wa kupanga hatua. Mtoto wa namna hii anasoma vizuri sentensi moja, lakini akipewa hesabu ya maneno yenye hatua tatu, ya kwanza inamponyoka akiwa kwenye ya pili. Mwalimu akisema “Fungua ukurasa wa 30, nakili swali la nne, kisha uje mbele,” yeye anafungua ukurasa na kubaki ametulia. Nyumbani anatumwa dukani vitu vitatu, analeta kimoja. Ukimtazama kwa jicho la haraka, ni mvivu au mtukutu. Ukimjua alikotoka, unaelewa kwamba anafanya kazi na karatasi ndogo kuliko ya wenzake: maandishi hayaenei.

Huko Marekani na Kanada, uchunguzi mkubwa uliokuwa ukiwafuatilia watoto wenye ugonjwa sugu wa figo tangu mwaka 2005 umesaidia kuonyesha yanayoambatana na kushuka huku: presha ya juu, protini nyingi kwenye mkojo, na miaka mingi ya kuugua. Miaka haiwezi kurudishwa, lakini presha inaweza kushushwa. Upungufu wa damu unaotokana na figo unatibika kwa madini ya chuma na kwa sindano za homoni iliyokosekana. Lishe ya mtoto mchanga mwenye figo mbovu inaweza kusimamiwa, hata kwa mrija wa puani akikataa kula. Na figo mpya, pale inapopatikana, huwanufaisha watoto wengi hata kichwani. Tanzania ilipandikiza figo kwa mara ya kwanza katika Hospitali ya Taifa Muhimbili mwishoni mwa mwaka 2017, lakini kwa familia nyingi za ukanda huu upandikizaji bado ni jambo la kusikia.

Ipo pia njia fupi na ya ghafla inayoweza kutokea kijiji chochote. Mtoto anapata upele unaotunga usaha au anaumwa koo. Wiki mbili tatu baadaye anaamka uso umevimba na mkojo una rangi ya chai ya rangi. Ni mfumo wa kinga uliochokozwa na bakteria, sasa unaumiza vichujio vya figo. Wengi hupona wenyewe. Hatari iko kwenye presha, ambayo inaweza kupanda kwa siku chache hadi mtoto akaumwa kichwa, akapoteza uwezo wa kuona, akashikwa na degedege. Mwaka 1996 madaktari walieleza rasmi picha ya ubongo uliovimba nyuma kwa namna hii, na wakatilia mkazo kwamba presha ikishushwa kwa wakati, mara nyingi hali hiyo hurejea kuwa ya kawaida.

Lakini nani atakumbuka kupima presha ya mtoto wa miaka sita? Katika nchi ya malaria, degedege lina maelezo tayari. Kuna anayewaza malaria, na pwani kuna wanaowaza mdudu au ndege wa usiku na kumpeleka mtoto kwa mganga. Figo haimo kwenye orodha ya yeyote kati yao. Na pale kipimo kinapotolewa kabatini, mara nyingi ni kile cha mkono wa mtu mzima. Mkanda mkubwa kwenye mkono mdogo husoma presha chini kuliko ilivyo, na mtoto mwenye presha ya kutisha huandikwa kwamba yuko salama.

Pale tiba inapoumiza

Historia ya tiba ya figo ina ukurasa ambao haupendezi. Mwaka 1972 Allen Alfrey na wenzake huko Denver, Marekani, walieleza ugonjwa wa ajabu kwa watu waliokuwa wakisafishwa damu kwa miaka: ulimi unakuwa mzito, misuli inarukaruka, degedege, kisha akili inapotea. Mwaka 1976 walionyesha kwamba ubongo wa waliofariki ulikuwa umejaa alumini. Ilitoka kwenye maji ya mashine, na kwenye dawa zilizotolewa ili kuzuia madini ya fosfeti yasipande. Watoto wachanga wenye figo mbovu walipewa dawa hizohizo, na baadhi yao waliharibika ubongo bila hata kuunganishwa na mashine. Somo liligharimu sana, lakini liliingia: maji ya kusafishia damu sasa huchujwa kwa uangalifu mkubwa, na watoto wadogo waliacha kupewa dawa zile.

Dawa nyingine bado zinahitaji macho. Gentamisini, sindano iliyozoeleka kwa mtoto mchanga mwenye homa kali, hutolewa nje na figo. Figo zikiwa dhaifu, dawa hubaki damuni na inaweza kuharibu sikio la ndani kwa kudumu. Mtoto asiyesikia vizuri hujifunza lugha kwa taabu, na baadaye tunasema “akili yake nzito” huku tatizo likiwa sikioni.

Kisha kuna dawa ambazo hazikupaswa kuwa dawa. Diethilini glaikoli ni kimiminika cha viwandani, kitamu kidogo na cha bei rahisi, ambacho mara kwa mara kimejikuta kwenye chupa za dawa za watoto. Mwaka 1937 kiliua zaidi ya watu 100 Marekani. Nigeria, kati ya mwaka 2008 na 2009, ilipoteza watoto 84 kutokana na dawa ya kutuliza maumivu ya meno yanayoota. Mwaka 2022 Gambia ilizika takriban watoto 70 waliokunywa dawa za kikohozi, na Indonesia ikapoteza zaidi ya 200 mwaka huohuo. Vichwa vya habari vilisema “figo”, na kwa haki. Lakini sumu hii hufuata pia neva: siku kadhaa baada ya figo kuzimika, uso unaweza kupooza, miguu na mikono kulegea, macho na masikio kufifia. Mtoto aliyenusurika kwenye takwimu za vifo anaweza kubaki na mwili usiomtii, na hakuna jedwali la vifo linalomhesabu huyo.

Kampala na Jinja

Kwa miaka mingi vitabu vilisema kwamba malaria kali huua figo za watu wazima, hasa Asia, na kwamba watoto wa Afrika huathirika zaidi ubongo na damu. Kauli hiyo ilitegemea kipimo. Shirika la Afya Duniani lilikuwa limeweka mpaka wa kriatinini kuwa zaidi ya mikromoli 265 kwa lita ndipo figo zihesabiwe kuwa zimeathirika kwenye malaria kali. Mtoto mdogo mwenye afya huwa na kiasi kinachozunguka 30. Figo zake zingeweza kupoteza sehemu kubwa ya kazi yake, kriatinini ikazidi mara tatu, na bado asifike hata nusu ya mpaka ule. Mtoto alikuwa anaugua figo mbele ya macho ya watu, na kipimo cha watu wazima kinamwita mzima.

Mambo yalibadilika watafiti walipoanza kupima kila mtoto kwa kiwango chake mwenyewe. Nchini Uganda, kundi la Andrea Conroy, Robert Opoka wa Chuo Kikuu cha Makerere na Chandy John lilichambua watoto waliolazwa Mulago, Kampala, kwa malaria ya ubongo au malaria yenye upungufu mkubwa wa damu, wakafuatiliwa kwa miaka miwili. Matokeo yaliyotoka mwaka 2019 yalionyesha kwamba watoto walioumia figo siku ya kulazwa walikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kufa, na waliobaki hai walikuwa na alama za chini katika vipimo vya utambuzi. Uchunguzi uliofuata, uliojumuisha pia Jinja na kuchapishwa mwaka 2022, ukiongozwa na Ruth Namazzi, ulikuta kwamba karibu nusu ya watoto wenye malaria kali walikuwa na figo zilizoumia, na kwamba wale ambao figo zao hazikurejea waliendelea kuugua na kufa hata baada ya kutoka hospitali.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki, huu ndio moyo wa suala zima. HUS ni nadra. Upandikizaji ni wa wachache. Malaria kali iko kwenye wodi karibu zote za ukanda wa joto, na figo zimekuwa zikiumia humo kimyakimya bila mtu kuuliza.

Ni figo, au ni maisha?

Msomaji makini atapinga, na ana haki. Mtoto wa Mulago alikuwa na vimelea vinavyoziba mishipa ya ubongo. Utasemaje kwamba figo ndiyo iliyomponza? Mtoto wa ugonjwa sugu hukosa shule mara kwa mara. Si ajabu kuwa nyuma. Mama mwenye mtoto hospitali hulala chini ya kitanda, biashara inasimama, na ndugu wa huyo mtoto hawali kama zamani. Umaskini peke yake hushusha alama za darasani.

Watafiti wa Uganda walijaribu kuondoa uzito wa koma na degedege katika hesabu zao, na figo zikabaki na sauti yake. Hata hivyo, mtu aliyewahi kukaa wodini anajua kwamba mambo haya hayaji moja moja. Koma huleta ukosefu wa maji, ukosefu wa maji huumiza figo, figo zilizoumia huacha asidi na yurea zijae na kuufikia ubongo ambao tayari umechoka. Kutafuta mkosaji mmoja ni kama kumuuliza mvuvi ni wimbi lipi lililozamisha ngalawa.

Na kwa upande wa kutenda, jibu halibadiliki sana. Ikiwa figo ndiyo iliyoumiza ubongo, mtoto huyu anahitaji kufuatiliwa. Ikiwa figo ni kengele tu inayotuambia kwamba ugonjwa ulikuwa mkali kiasi cha kutikisa ubongo, bado anahitaji kufuatiliwa. Hata siku za shule zilizopotea ni athari ya ugonjwa, na ndiyo pekee kati ya zote ambayo mwalimu anaweza kuirekebisha bila kuandika cheti cha dawa.

Kadi inaishia miaka mitano

Tukitazama mfumo ulivyo, pengo linaonekana kwa macho. Tanzania kuna kadi ya kliniki, Kenya kuna kijitabu cha mama na mtoto. Vyote viwili hufuata uzito, chanjo na makuzi mpaka mtoto anapotimiza miaka mitano. Miaka mitano ndio umri anaoanza kukaa darasani, na ndipo matatizo ya uangalifu na kumbukumbu huanza kuonekana. Karatasi inakatika palepale ambapo ingeanza kusema. Kuanzia hapo kuna daftari la shule lenye alama za wino mwekundu, na kuna faili la hospitali lenye majibu ya kriatinini, na madaftari haya mawili hayajawahi kuwekwa meza moja.

Kinachohitajika kwanza si mashine. Mtoto yeyote aliyeumia figo kwa nguvu, iwe kwa malaria, kuhara, sumu au maradhi ya vichujio, apimwe presha kwa mkanda wa kumtosha miezi mitatu baada ya kutoka, kisha kila mwaka, na mkojo wake uangaliwe protini kwa kijiti cha maabara ambacho zahanati nyingi zinacho. Aliyepewa gentamisini wakati figo zikiwa dhaifu apimwe masikio. Mstari mmoja uongezwe kwenye fomu ya kuruhusiwa, kwa Kiswahili cha mzazi: figo za mtoto huyu ziliumia, akionekana anasahau au hafuati darasani, mrudishe. Mzazi akiwa na sentensi hiyo mkononi, anaweza kuipeleka shule.

Shuleni nako dawa ni za bei ya chaki. Maagizo yatolewe moja moja. Mtoto akae mbele. Aruhusiwe kunywa maji na kwenda haja bila kunyoosha kidole mara tatu. Siku za kliniki zisihesabiwe utoro, na mwenzake ampe daftari anakili. Hayo hayaponyi ubongo uliojeruhiwa, lakini yanamzuia mtoto asijifunze kwamba yeye ni mjinga, jeraha ambalo hakuna MRI inayolipiga picha.

Hospitalini, kinga bora ya ubongo ni kuziokoa figo mapema. KCMC kule Moshi imeonyesha kwamba mtoto aliyeumia figo ghafla anaweza kusafishwa kwa njia ya tumbo, kwa maji maalumu yanayoingizwa na kutolewa kwa mrija, bila mashine kubwa ya damu. Njia hiyo huondoa yurea polepole, jambo lenye faida kwa ubongo mdogo usiopenda mabadiliko ya ghafla. Ikifika hospitali nyingi zaidi za mikoa, watoto wachache zaidi watabeba yurea ya siku tano wakisubiri gari la rufaa.

Sakai walichukua karibu miaka 20 kusahihisha hesabu yao, kutoka watatu hadi wanne. Waliweza kufanya hivyo kwa sababu kulikuwa na kumbukumbu iliyounganisha jina la mtoto wa darasa la kwanza na mwanamke wa miaka 25. Leo jioni, katika wodi fulani ya mkoa wa ziwa au wa pwani, kuna mama anayekunja khanga, anapokea dawa za kwenda nazo nyumbani, na anaambiwa kwamba mkojo wa mwanawe umerudi. Anashukuru, na ana haki ya kushukuru. Kumbukumbu itakayomuunganisha mtoto huyo na mtu mzima atakayekuwa inaanzia kwenye karatasi anayopewa sasa, na mara nyingi mstari wa presha juu yake uko wazi.